Pilipili ya Papa Kalenga

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu hata kanisani: siku nilipowaliza wakwe zangu wote kwa mlo mmoja, na badala ya kufukuzwa nikapewa mume. Umeniuliza neno "kali" maana yake nini hasa, na limetoka wapi. Ningeweza kukujibu kwa maneno mawili ukaenda zako. Lakini mimi sikujifunza hivyo. Nilijifunza kwa vitunguu na kwa pilipili ya soko la Kikula, na kwa ulimi wa shangazi yangu ambao ulikuwa mkali kuliko vyote viwili. Basi vuta kigoda ukae. Kuuliza si ujinga, ila anayeuliza hana budi kusubiri jibu.

Wakati huo nilikuwa msichana, Chola wa watu, na bado nilikuwa na kiuno. Usicheke. Mji wetu, Likasi, ulikuwa umeanza kunyamaza. Tulipokuwa watoto, upepo ukigeuka na kutoka upande wa viwanda, hewa ilikuwa kali hata mama zetu walituita ndani na kufunga madirisha. Ilikwaruza koo na kutoa machozi. Tulilalamika sana. Kisha kazi ikapungua, mabomba ya moshi yakasimama bure, hewa ikawa safi kabisa, na ndipo tukajua kwamba hewa safi haijazi sufuria. Mishahara ikachelewa, halafu ikaacha hata kuchelewa.

Baba yangu, fundi wa umeme asiye na umeme wa kutengeneza, akakata shauri. Kabla ya mvua kuanza tungehamia kando ya ziwa Tshangalele, kwa ndugu yake, tukalime na kuvua samaki. Mimi nilikuwa na mchumba, kijana anayeitwa Deo, aliyekuwa akivunja mawe ya chokaa kule Kakontwe na kurudi jioni mweupe kichwa hadi viatu. Nilimpenda hivyo hivyo na chokaa yake. Baba akasema: wazazi wa Deo wakija kuzungumza nasi kabla hatujahama, vema, wasipokuja, nifunge mizigo yangu pamoja na ya wengine. Ziwa halikuwa mbali sana kwenye ramani, lakini kijana anayevunja mawe kila siku hana nguo ya safari wala nguvu za safari, na wasichana wa Likasi walikuwa wengi. Nililijua hilo vizuri, na usingizi ulinipungua.

Kazi yote ilikuwa kwa baba yake Deo. Mzee huyo, Papa Kalenga, alikuwa Mluba mrefu mwenye sauti nzito, na maisha yake yote alikuwa ameyatumia kwenye karakana ya asidi. Watu walimwita Pua. Bomba likivuja mahali, yeye alisimama, akainua uso, akavuta pumzi kidogo, akanyoosha kidole: "Pale." Mafundi wakaenda pale, wakakuta pale. Sifa hiyo ilimfuata hata mtaani. Wanawake walimletea samaki awaambie kama bado wanafaa, na alipopita karibu na mlevi alitaja aliponywea na kwa nani.

Na nyumbani kwake mzee huyu alikuwa na sharti lake. Msichana anayemtaka mwanawe aje apike katika jiko la nyumba ile, mzee ale mbele ya watu, na aseme "Ni muzuri." Akisema hivyo, wazee wanakutana. Asiposema, kila mtu abaki kwao.

Mara ya kwanza nilikwenda na shangazi yangu, Tante Mwansa, dada wa baba, kwa maana msichana hapeleki miguu yake peke yake kwa wakwe. Nilibeba kuku wa mwisho wa mama yangu. Nilimpika taratibu kwa nyanya na mafuta kidogo, nikasonga bukari, yaani ugali, laini isiyo na donge hata moja, nikapiga goti nikaweka mbele yake. Papa Kalenga akamega, akachovya, akatafuna kwa muda mrefu akitazama ukuta. Halafu akanawa mikono.

"Hii chakula haina kitu," akasema.

Deo akainama. Mama yake, Mama Deo, mwanamke mnene mwenye huruma, akanifuata jikoni. "Usisikie mubaya, mwana," akaninong'oneza. "Anasemaka vile ata kwa chakula yangu. Minye nilishazoea." Lakini alivyosema "nilishazoea" nilisikia kwamba hakuwa amezoea hata kidogo.

Mara ya pili nilijitahidi zaidi, na hapo ndipo nilipopotea zaidi. Niliona labda mzee ana tumbo dhaifu. Nikapika sombe, majani ya muhogo, kwa karanga, chumvi kidogo, kila kitu laini na cha upole, chakula cha kumpa mgonjwa. Nikiwa ndani natwanga karanga, nje Mama Deo alikuwa ameweka maharagwe kwenye jiko la mbabula, akaenda kwa jirani kuomba makaa. Papa Kalenga alikuwa amekaa hapo hapo kando ya moto, ameyapa maharagwe mgongo, anatengeneza gurudumu la baiskeli na kuzungumza na Tante Mwansa. Maharagwe yakaishiwa maji. Yakaungua. Mimi nilisikia harufu kutoka ndani nikatoka mbio na kijiko mkononi; moshi ulikuwa unampita mzee masikioni, naye anaendelea kukaza waya wa gurudumu na kusema habari za mvua. Niliipua sufuria, nikaona haya kwa niaba ya maharagwe, wala sikufikiri lolote.

Tante Mwansa alifikiri. Alitoa kikopo chake cha tumbako ya kunusa, akavuta, akamkaribisha mzee. Papa Kalenga alichukua kidogo, akaingiza puani, akatulia. Kisha akapiga chafya iliyowarusha kuku, akapiga nyingine, na alipoinua uso alikuwa anacheka kama mtoto, macho yamejaa maji.

"Eeh! Hii iko kali! Mama, hii iko kali kabisa!" Akaomba tena.

Tukala. Akatafuna sombe yangu akitazama ukuta. "Haina kitu," akasema.

Njia ya kurudi nyumbani nililia wazi, watu wananiona. Mzigo wa baba ulikuwa tayari umeanza kufungwa. Vyungu vya mama vilikuwa vimeshaviringishwa katika mablanketi. Tante Mwansa alitembea mpaka tulipopita soko, kisha akasimama.

"Chola, unalia juu ya nini?"

"Tantine, ule muzee hanipendi. Kuku, anasema haina kitu; sombe, anasema haina kitu. Anataka nini?"

"Na kama anasema kweli?"

Nilimtazama kwa hasira. Yeye akafunga kitenge chake vizuri, bila haraka.

"Maharagi iliungua pale pembeni yake. Alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Na tumbako yangu?"

"Alipiga chafya, akacheka."

"Bon. Ule muntu hana na pua tena. Haisikie arufu, na mwenye haisikie arufu, chakula yote mu kinywa yake ni karatasi. Weye unakasirikia muntu mwenye iko mu kilio, Chola. Iko mu kilio ya pua yake, na hakuna ata mumoja mwenye kumupa pole."

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilisimama pale barabarani na machozi yangu yakakosa pa kwenda. Nilimwona tena akitafuna na kutazama ukuta, mtu aliyeitwa Pua na mji mzima, anatafuta ladha ndani ya kinywa chake na haikuti, na anaogopa kuwaambia watu. Labda kazi ndiyo iliyoila, labda uzee. Yeye mwenyewe hakujua. Nikauliza sasa nifanye nini, na hapo ndipo shangazi aliponifundisha neno lako.

"Kwetu Kibemba," akasema, "kichwa ikiuma tunasema inakalipa. Kidonda inakalipa. Ile neno na kali ni mama moja. Chumvi na sukari iko kazi ya lulimi. Arufu ya nyama iko kazi ya pua. Kali haiko vile. Kali inauma. Pilipili, tangawizi, tumbako, ile asidi yake: inakupiga ata kama pua ilikufa. Ule muzee kuko mulango moja tu ilibakia, na weye unagonga fasi kuko ukuta."

Kisha akanigeukia, na sauti yake nayo ikabadilika.

"Na sikia. Ulipika mara mbili, na mara mbili ulipika juu watu bakusifu. Nani alikuambia chakula ni kioo ya kujiangalia? Pikia ule mwenye kukula!"

Iliniuma, mwanangu. Ilikalipa. Nilitaka kukimbia nikamwambie Deo siri ya baba yake, ili nyumba yote ijue kwamba sikuwa mpishi mbaya. Tante Mwansa aliona hilo usoni mwangu kabla sijafungua kinywa. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Ukiisema fasi yoyote, hauko mutoto yangu tena. Muntu akijificha, weye unamufunika."

Basi mara ya tatu nilikwenda Kikula asubuhi, nikanunua pilipili zile ndogo nyekundu mpaka muuzaji akaniuliza nataka kumwua nani. Nikanunua tangawizi, vitunguu na ndimu. Nyumbani tulikuwa na samaki wakavu wa Tshangalele waliotumwa na baba mdogo, na chungu cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ambacho shangazi alikuwa amekiacha makusudi kikachacha kupita kiasi. Ukikikaribia, pua inakunjamana yenyewe. Nilipofika jikoni kwa Mama Deo nilikaanga samaki kwa vitunguu vingi, nikatwanga tangawizi na pilipili pamoja, nikakamua ndimu, na vitunguu vingine nikavikata vibichi pembeni. Mama Deo aliingia, akakohoa, akatoka. Paka wa nyumba hiyo alihama mtaa.

Chakula kilipowekwa, Tante Mwansa alisafisha koo.

"Papa, na mama, mutusamehe. Kwetu, mutoto mwanamuke akija mara ya tatu, anapika kali. Ni desturi ya bankambo, babu zetu wa zamani. Mwenye hawezi, asikule, hatutakasirika."

Desturi hiyo, mwanangu, ilizaliwa siku ileile, kati ya soko la Kikula na mlango wa Papa Kalenga. Mungu amsamehe shangazi yangu. Nami najua amekwisha kumsamehe.

Deo alimega wa kwanza ili anitie moyo. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akatoka kwenda bombani, na bomba, kama ilivyokuwa kawaida ya siku zile, halikuwa na maji, kwa hiyo akarudi na kukimbilia munkoyo, na ule uchachu ukamkuta kinywa wazi. Akapiga kelele ambayo sijapata kuisikia kwa mwanamume mwingine. Mama Deo alikuwa analia, anajipepea kwa kitenge, na bado anarudisha mkono sahanini kwa heshima. Tante Mwansa alikula polepole, jasho linamtiririka, mwenye kiburi kama askofu. Mimi nilikuwa nimepiga goti, namtazama mtu mmoja tu.

Papa Kalenga alitafuna. Aliacha kutazama ukuta. Alitazama sahani, akamega tena, donge kubwa, akachovya mpaka vidole vikazama. Machozi yakaanza kumshuka, na kwa kuwa kila mtu alikuwa analia, hakuna aliyemshangaa. Akachukua kitunguu kibichi akakitafuna kama tunda. Akavuta kamasi bila haya. Alikula mpaka mwisho, akafuta sahani kwa bukari.

"Hii," akasema, "hii ni chakula. Iko na kitu. Iko kali sawa vile tunasemaka kwetu Baluba, kwenye ile neno ilitoka."

"Kwetu Baluba?" Tante Mwansa akarusha kichwa. "Papa, kali ni neno ya shiye Babemba. Muliichukua kwetu na hamukurudishaka."

"Mama, simba ni mukali tangu Mungu aliumba Baluba!"

Mama Deo, ambaye kwao walikuwa Wasanga, akafuta macho. "Bote munabeba bongo, munadanganya. Ile neno ni yetu. Ninyi bote muliikuta hapa, na shiye tulikuwa hapa."

Wakabishana hivyo mpaka chai, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba kulikuwa na sharti. Na mimi leo nikuambie ninavyoona. Wote watatu walikuwa na haki na wote watatu walikosea. Neno hilo halikuletwa na mtu. Huku walisema kali, kule walisema kali, hata Waswahili wa pwani ya mbali walisema kali, kabla babu zetu hawajajua kwamba wao ni Wabemba au Waluba. Mtu wa kwanza aliyetafuna pilipili hakusubiri kabila lake limwambie aseme nini.

Nilipomletea mzee maji ya kunawa, aliinama karibu nami.

"Nani alikuambia?" akauliza chinichini.

"Kuniambia nini, papa?"

Akanitazama sana. Kisha akacheka, akatikisa mikono ikakauka, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Ni muzuri. Hii wiki tutaenda kwao kuonana na bazazi." Wazazi wangu walihamia Tshangalele bila mimi, na mama alilia, lakini alilia vizuri.

Niliishi na siri ile ndani ya nyumba ile. Nilimpikia chakula chake pembeni, na watu walisema tu kwamba mzee amependa pilipili uzeeni. Wengine walimcheka. Niliwaambia pilipili usizozila zakuwashiani? Yeye naye alijifanya Pua kama zamani: akiletewa samaki alimpa mgongo mletaji, akanitazama, mimi nikafinya jicho au nikatikisa kichwa, naye akatoa hukumu. Hatukukosea hata mara moja, na tuliifurahia kazi hiyo kama wezi wawili.

Kisha nikajifungua mtoto wangu wa kwanza. Unajua kwetu watu wakija kuona mtoto humnusa utosini na kusema ananuka nani. Tante Mwansa akamnusa akasema ananuka Kibemba. Mama Deo akamnusa akasema huyu ni wake. Mwisho wakampa Papa Kalenga, na watu wakasogea karibu, maana Pua ndiye angesema neno la mwisho. Mzee akaweka uso kwenye kichwa cha mtoto. Akakaa hapo muda mrefu. Angeweza kusema lolote na tungeamini. Nami nilikuwa nimejiandaa kufinya jicho. Lakini alipoinua uso hakutafuta jicho langu.

"Minye sisikie kitu," akasema mbele ya wote. "Kuko miaka mingi sasa, pua yangu ilikufa. Chola, unisemee. Ananuka namna gani?"

Nilisogea nikamnusa mtoto, sikutaka kumdanganya hata kidogo. "Ananuka maziwa, papa. Na sabuni kidogo. Na huku nyuma ya sikio, ananuka sawa vile shati yako kama ninaitoa ku jua."

Papa Kalenga akalia wazi, mtoto kifuani, wala hakujifuta. Na Mama Deo, mwanangu, alisimama katikati ya nyumba, mikono kiunoni, akatutazama wote, kisha akampiga mumewe begani kwa kitenge.

"Miaka yote ile! Miaka yote ile nilizania minye sijui kupika!"

Na hapo hapo akamkumbatia, yeye na mtoto, akalia kuliko wote. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, katika habari hii ya kuchekesha: mwanamke mwema alikuwa amekula maneno "haina kitu" kwa miaka, kwa sababu mumewe aliona haya kusema "siisikii."

Sasa chukua jibu lako. Kali ni kile kinachokufikia hata ulipofunga milango yote. Pilipili ni kali, moshi ni mkali, neno la shangazi anayekupenda ni kali. Usikimbie kila kitu kikali, mwanangu. Kingine kimetumwa kukuamsha. Mtu akikuambia kazi yako haina kitu, usikimbilie kulia wala kumchukia. Kwanza uliza ni kitu gani kwake kimekufa. Unapopika, mpikie anayekula. Siri ya mtu mwenye haya ifunike, mpaka atakapoifunua mwenyewe. Na wewe, siku utakapopoteza kitu ndani yako, pua au kazi au imani, usimwache mkeo au mumeo adhani kosa ni lake. Sema siku hiyohiyo, hata sauti ikitetemeka.

Mungu akupe ulimi usioogopa ukali na mkono usiomwaga chumvi kwenye kidonda cha mwenzio. Akupe nyumba ambamo mtu anaweza kusema "siisikii" na asichekwe. Na watakaozaliwa kwako, uwanuse wewe mwenyewe, kwa pua yako, miaka mingi.